Moto Alioupanga Taisto

Kwenye ghuba yetu hakuna aibu kubwa kuliko dohani isiyotoa moshi Jumamosi jioni. Mtu anaweza kuacha gati lake lioze, anaweza kuacha nyasi zimfike kiunoni, tutamsema kidogo kisha tutasahau. Lakini sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke wa mawe ya moto, isipowashwa Jumamosi, watu wa ng'ambo zote mbili husimama madirishani wakiulizana: kwa fulani kuna nini?

Kwa hiyo Jumamosi ile ya mwisho wa Aprili, nilipotazama ng'ambo nikaona dohani ya sauna ya Raili iko kimya, nilijua mambo si shwari. Mwenyewe alikuwepo. Binti yake Merja alikuwa amemleta asubuhi kwa gari, kwa barabara ya lami ya upande wao, akamshushia mabegi na paka, akarudi mjini. Nilimwona Raili kwa macho yangu akibandua mbao za madirisha na kuanika magodoro kwenye kamba. Jiko la nyumba kubwa lilikuwa linafuka. Sauna, hata uzi wa moshi hakuna.

Kwenda kwake sikuweza. Barafu ya ziwa ilikuwa imeshakuwa mbovu, nyeusi na yenye matundu, haibebi mtu na haipitishi boti. Na barabara ya kuzunguka ghuba majira hayo hugeuka uji, hata gari la takataka haliji. Kila mwaka tunakaa hivyo kwa muda, majirani tunaopungiana mikono lakini hatuwezi kuazimana chumvi. Nikampigia simu.

"We bibi, sauna yako imekufa?"

"Nimechoka, Hilkka."

"Umechoka! Wewe uliyejifungua Ijumaa, Jumamosi ukapanda benchi la juu?"

"Hayo ya ujana. Leo nitajimwagia maji ya birika, yanatosha."

"Maji ya birika, kama kuku anayenyonyolewa?"

"Niache na uzee wangu," akasema, na akakata.

Hapo ndipo nilipopata wasiwasi hasa. Raili kukata simu kabla hajanirudishia neno? Tangu tujuane haijatokea.

Maana Raili ni mtu wa sauti. Alifanya kazi maisha yake yote kwenye kiwanda cha mbao, mbele ya mashine inayomenya magogo, na huko ukitaka kuomba hata bisibisi lazima upige kelele. Akastaafu, mashine ikabaki kiwandani, kelele akaja nazo. Akinong'ona siri yake, sisi wa ng'ambo tunaijua kabla paka wake hajaijua. Mumewe Taisto aliendesha greda la kusukuma theluji barabarani, kazi ya mtu mmoja peke yake gizani, kwa hiyo yeye alikuwa na maneno machache. Ila hayo machache yote aliyatumia kumchokoza mkewe.

Kiwanja walipewa na mjomba wa Raili walipooana. Mawe matupu na mbetula, ile miti yetu ya magome meupe, hakuna kingine. Wakajenga sauna kwanza, kama kila mtu mwenye akili, na wakati nyumba inapanda polepole waliishi humo saunani. Walipika supu juu ya mawe ya jiko. Merja alilazwa kwenye beseni la kuogea. Wakigombana, mmoja alilala benchi la juu na mwingine la chini, na asubuhi tuliwaona wanatoka wamevaa soksi za kubadilishana. Mimi nilikuwa msichana bado, nikiwatazama kutoka gati la baba yangu, na nasema kweli, niliwaonea wivu. Bado nawaonea.

Sasa kuna desturi moja. Anayefunga nyumba ya ziwani majani yakishapukutika ndiye anayempangia moto atakayeifungua. Hufungi mlango wa sauna kabla hujajaza jiko kuni kavu, vijiti na magome, na kiberiti juu yake. Anayekuja baada ya baridi anafika vidole vimekufa ganzi, kuni za nje zimelowa, basi kazi yake iwe kuwasha njiti tu. Ni adabu. Asiyefanya hivyo tunamjua, na jina lake silitaji kwa sababu bado ni shemeji yangu.

Na kwa Raili na Taisto, moto huo ndio uliokuwa vita vyenyewe.

Taisto aliupanga kama baba yake: magome chini, vijiti juu yake, kuni nono juu kabisa. Unawasha chini, moto unapanda. Lakini mwaka mmoja alikuja msafisha dohani kijana, akamwambia Raili kwamba mambo ni kinyume: kuni nono chini, vijiti juu yake, magome kileleni, unawasha juu na moto unashuka wenyewe, moshi kidogo, mawe yanashika joto vizuri. Raili alilipokea neno hilo kama mtu aliyebatizwa.

"Amekwambia uwashe juu?" Taisto akamuuliza. "Na kahawa je, tunywe kwa sikio?"

"Cheka tu. Masizi yako yanatuua."

"Moto unapanda, mama. Tangu Adamu moto unapanda. Umewahi kuona moto unashuka ngazi?"

Basi ikawa kila majani yakipukutika Taisto anafunga nyumba na kupanga moto wake, na kila barafu ikitoka Raili anafungua jiko, anavuta kuni zote nje kwa hasira, anazipanga upya kwa njia yake, huku mume amekaa kizingitini na kikombe cha kahawa akimhesabia makosa. Miaka nenda miaka rudi. Vyombo vikikaa pamoja havikosi kugongana, ila hawa waligongana kwa ratiba. Sisi wa ng'ambo tulikuwa tukisikia ugomvi ule tunaambiana, haya, barafu imetoka.

Mwaka wa mwisho Raili alikuwa hospitali, anatiwa nyonga mpya, kwa hiyo Taisto alifunga nyumba peke yake. Nilikwenda kumsaidia kuvuta gati nchi kavu. Tulipomaliza akaingia saunani kupanga moto, akakaa humo mpaka nikachoka kusubiri.

"Taisto! Unapanga moto au unajenga kanisa?"

Akatoka na masizi puani, na uso wa mtoto aliyeiba sukari. "Kuna mtu mwakani atakosa la kusema," akaniambia. Nikadhani ni majigambo yake yale yale. Nikamwambia afute pua, nikapiga makasia nikaenda zangu.

Mwezi wa pili, huko mjini walikokaa majira ya baridi, alikuwa anaondoa theluji mlangoni. Akakaa chini, akaegemea koleo, na hakuinuka tena. Alikuwa mzima, hakuwa na ugonjwa wala dalili. Nilimpikia Raili kahawa ya msiba, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akizungumza taratibu kama watu wengine. Ilinitisha kuliko kilio.

Barafu iliondoka siku chache baada ya ile Jumamosi. Asubuhi upepo wa kusini ulivuma, na ziwa likaanza kulia. Barafu ikifika mwisho wake hupasuka sindano sindano, zinagongana, sauti yake ni ya mtu anayeosha glasi nyingi jikoni. Kufika mchana ilikuwa imesukumwa yote upande wa pili wa ghuba, maji yakawa maji, na ndege wawili wa kuikka tayari wamo katikati wanapiga mbizi kana kwamba hawakuwahi kuondoka. Nikapindua boti, nikatia mkate mweusi wa nafaka ya rai na maandazi ya iliki kikapuni, nikavuka.

Raili alikuwa anapigana na pampu ya kisima. Pampu ikilala baridi nzima ngozi yake hukauka, lazima uimiminie maji kwanza ndipo itoe maji.

"Shikilia huku," akasema, hakunisalimia hata.

"Na mimi nimefurahi kukuona."

"Ungekuja jana ningekufurahia. Jana ndiyo nilibeba maji ya ziwani."

"Jana ningekuja nikiogelea?"

Akacheka kidogo. Nikamimina, akapiga mpini, pampu ikakoroma, ikatema kutu, kisha maji safi. Tukashusha gati majini, tukatoa panya aliyekufia ndani ya kiatu cha mpira cha Taisto, tukafagia nzi wakavu madirishani. Kazi zote zile zilikwenda. Lakini kila tulipopita karibu na sauna, Raili aliinamisha kichwa na kuzunguka kwa nyuma, kwenye theluji iliyobaki chini ya misonobari, ilhali njia kavu ilipita mbele ya mlango. Mwanamke mwenye nyonga ya chuma, anaacha njia anapita theluji.

Tulipokaa kunywa kahawa nikamuuliza wazi. "Raili, unaikwepa sauna. Kwa nini?"

Akavunja andazi vipande, hakula. "Jumapili wanakuja watu kuiona nyumba."

"Watu gani?"

"Wanunuzi. Merja amewapata. Usimnunie Merja, hana kosa. Aliniambia, mama, sauna isiyowashwa inaoza, mbao zinaota ukungu. Kama wewe huwezi kuiwasha, bora ichukuliwe na watu watakaoiwasha. Akaniuliza, unaweza? Nikamwambia nitajaribu. Amenileta nijaribu. Sasa siku zinakwisha na hata kitasa sijakigusa."

"Njiti moja ya kiberiti, Raili."

"Njiti moja!" Akanipandishia sauti, na moyo wangu ukafurahi kuisikia. "Unajua kuna nini ndani ya jiko lile? Kuna moto wake. Aliupanga kwa mikono yake, magome chini, kuni nono juu, ule upuuzi wake. Nikifungua nitauona, na nikiuona nitaanza kumgombeza, Hilkka, najijua, mdomo wangu hauna breki. Nitamgombeza, kisha nani atanijibu?"

Nikamwongezea kahawa, ingawa kikombe chake kilikuwa bado kimejaa.

Kisha nikasema, "Basi mimi nitakujibu. Ninajua maneno yake yote. Tangu Adamu moto unapanda, mama."

"Humwezi. Yeye alisema akivuta kamasi."

"Nitavuta kamasi."

Akanitazama, akafuta macho kwa kitambaa cha vyombo, akasimama. "Twende kabla sijabadili nia. Na ukinicheka nakutupa ziwani, maji bado hayajapata moto."

Ndani ya sauna kulikuwa na harufu ile ya kila mwaka, masizi ya zamani na majani makavu ya mbetula, kwa sababu vicha vya matawi ya kujipigapiga mwilini tunapooga vilikuwa bado vinaning'inia ukutani, vimefungwa na Taisto. Kata yake ya kumwagia maji ilikuwa imepinduliwa kwenye benchi. Kiberiti kilikuwa juu ya jiko, mahali pake. Raili alipiga magoti, akashikilia ukuta kwa ajili ya nyonga, akafungua mlango wa jiko.

Akachungulia. Nikangoja. Akachungulia tena.

"Raili?"

"Njoo uone," akasema. "Njoo haraka, uwe shahidi, maana nikisema mimi hakuna atakayeniamini."

Nikainama. Kuni nono zilikuwa chini. Juu yake vijiti, vimepishana pishana kwa uangalifu wa mtu anayefanya jambo asilolizoea na asiloliamini. Na kileleni magome, fungu kubwa mno, kama ameogopa yasitoshe. Ndipo nilipokumbuka masizi puani na ule uso wa mwizi wa sukari, nikamweleza Raili aliyoniambia siku ile.

Alikaa sakafuni, miguu amenyoosha. "Kumbe! Krismasi niliposema nikienda ziwani kitu cha kwanza navuta kuni zako nje, alicheka mpaka kahawa ikampalia. Akasema, haya mama, nenda ukafungue. Nikamwambia unacheka nini, mzee. Hakusema. Majira yote ya baridi ametembea na siri hiyo tumboni." Akapiga sakafu kwa kiganja. "Alitaka kuiona sura yangu, Hilkka. Alikuwa anangoja tu aione sura yangu!"

Akalia. Alilia kwa sauti yake ya kiwandani, ghuba nzima nadhani ilisikia, na mimi nikalia naye bila kuona haya. Tulipotulia alipangusa pua kwa mkono wa sweta, akanyoosha shingo kutazama ndani ya jiko tena.

"Magome ameweka mengi mno," akasema.

"Amejitahidi, maskini."

"Amejitahidi. Lakini mengi mno." Mkono wake ukaenda kuyapunguza, ukafika kwenye mlango wa jiko, ukarudi. Hakugusa kitu. "Nikiwasha, Hilkka, umekwisha. Ndio huu tu."

"Usipowasha, Jumapili atauwasha mnunuzi. Au atauvuta nje aupange kwa njia ya baba yake."

Hilo lilimchoma. Nilikusudia limchome. Akachukua kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikazimika kabla haijafika kwenye gome, ya tatu ikashika gome. Moto ukasimama kileleni kwanza, kisha ukaanza kushuka polepole kwenye vijiti, hatua kwa hatua. Upepo wa kusini ulivuta moshi wote juu. Raili alikaa mbele yake mpaka kuni nono zikashika.

"Unashuka ngazi," akauambia ule moto. "Umeona, mzee? Unashuka ngazi."

Simu yake ikalia. Ilikuwa Merja. Jirani mmoja wa ng'ambo, mdomo wake haukai na kitu, alikuwa ameshampigia kumwambia sauna ya mama yako inafuka.

"Mama? Ni kweli?"

"Kweli. Waambie watu wa Jumapili wasije."

"Mama, una hakika? Peke yako huko, na nyonga—"

"Njoo wewe badala yao. Leta soseji, na leta haradali, hapa imeliwa na panya." Akakata, na safari hii sikupata wasiwasi.

Tulioga hadi mwanga ulipofifia. Alikaa benchi la juu, akanimwagia mvuke mpaka masikio yakaniungua, na kila nilipolalamika alisema mawe yanashika joto vizuri ukiwasha juu, muulize Taisto. Tulipotoka kupunga upepo gatini, kuikka walikuwa wanalia katikati ya maji. Miili yetu miwili ya kizee inafuka kama viazi vilivyotoka sufuriani. Raili alisema Taisto hakuwahi kumwambia neno la mapenzi maisha yake yote. Kisha akaitazama dohani iliyokuwa bado inafuka, akasema, basi, hadi leo.

Merja alikuja na haradali. Kiangazi kikapita na wajukuu na samaki wa ziwani na mbu. Majani yalipopukutika nilivuka kusaidia kuvuta gati, sasa mimi na Raili na mkwewe. Mwisho kabisa Raili aliingia saunani kupanga moto, nami nikasimama mlangoni kumtazama. Aliweka magome chini. Juu yake vijiti. Kuni nono akaziweka juu kabisa.

Nikafungua mdomo.

"Nyamaza," akasema bila kugeuka. "Zamu yake."

Mwaka huu barafu imekaa sana. Jumamosi iliyopita ilikuwa bado nyeusi, haivukiki, na nilikuwa gatini kwangu nakwangua rangi ya boti. Raili alikuwa amefika tangu jana yake. Nilitazama dohani ya sauna yake, sikuona kitu. Halafu nikaona moshi, lakini hautoki juu, unatoka mlangoni na dirishani, mweusi, mzito. Dohani ikiwa ya baridi moshi hurudi ndani hata uupange moto namna gani, ila nani angemwambia Raili. Akachomoka ndani anakohoa, taulo kichwani, uso una masizi, akageuka kuukabili mlango ulio wazi.

"Nilikwambia!" Sauti ikaja juu ya barafu, nzima, neno kwa neno. "Miaka yote nilikwambia, mzee mkaidi, magome chini yanaleta moshi! Ona sasa! Njoo uone mwenyewe!"

Sikumwita. Nilikaa juu ya ndoo nikacheka hadi machozi yakanitoka. Kule ng'ambo Raili alinyamaza kidogo, mkono kiunoni, kichwa ameinamisha kuelekea mlangoni, kama mtu anayejibiwa. Kisha akaanza upya.